Miezi minne bila ya kusemezana na wifi yangu

Jumamosi ile niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, manake nilikuwa na oda ya mahamri 150 na sufuria kubwa ya mbaazi za nazi, hitma ya watu wa mtaa wa Mkomani. Unga nilishaukanda usiku na umeumuka vizuri, mbaazi nilishaziroweka. Nikafungua mfereji wa jikoni ukatoa pumzi tu, shuuu, halafu kimya. Nikapanda mpaka darini nikagonga tangi kwa ngumi, likalia kama ngoma. Na pale pale ukutani kumetandazwa mabusati matatu ya wifi yangu yanatona maji, kumbe ameyafua usiku kwa kuwa Ramadhani iko karibu.

Ukiwa wa Lamu huna haja ya kuelezwa. Maji yetu ya mjini yanatoka kwenye visima vya huko kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na mtaani kwetu hayaji kila siku, yakija unajaza kila chombo na unahesabu siku. Tangi ni la nyumba nzima, sisi chini, wifi yangu juu, mavyaa yangu, mamake mume wangu, katikati.

Nikashuka nikasimama kiwandani, pale penye wazi katikati ya nyumba, nikainua kichwa nikaanza kusema. Sitoandika yote. La mwisho nitaliandika kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini naandika: wifi yangu ameolewa mara mbili na hakujaaliwa mtoto, na mimi nkamwambia maji waachiwe wenye watoto wa kuwaogesha, yeye ya nini.

Kosa la maji lilikuwa lake, hilo nalisema mpaka leo, tangi ni la watu wote na siku ya maji ilikuwa bado. Lakini neno nililolitoa halikuwa na kiasi cha mabusati matatu.

Kuta zetu ni za mawe, nene, ila kiwanda kiko wazi juu na sauti ikitoka hapo haina mlango wa kuizuia, na ndia zenyewe, njia zetu za mtaani, unazijua, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima angoje. Mpaka adhuhuri neno langu lilishafika mtaa wa Langoni. Mavyaa alikuwa kitandani kwake na tasbihi, alisema kitu kimoja tu, "Mwanangu, ndoo kaa hapa kwanda," yaani njoo ukae hapa kwanza. Sikukaa. Na alichokuwa ananiambia si kigeni kwangu, nilifunzwa chuoni kwetu Faza, kisiwa cha Pate, nikiwa mtoto wa miaka minane hivi, kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha mtu akighadhibika amesimama akae, na ikiwa haijamtoka basi alale. Nimelisoma, nimelihifadhi, nimewafunza wanangu. Siku nilipolihitaji sikulikumbuka, nilikuwa nimesimama kama mlingoti.

Nikilirudia jambo hili kichwani kinachonitisha ni kwamba sikulichagua lile neno. Lilitoka ndipo na mimi nikalisikia. Lakini kabla yake kulikuwa na vitu, nimekuja kuvikumbuka kimoja kimoja baada ya muda mrefu: masikio yalipata moto, meno yalibana, vidole vya miguu vilijikunja ndani ya ndara mpaka mkanda ukaniuma, na wifi yangu alikuwa ananijibu ila maneno yake siyasikii, nasikia sauti tu kama redio ya nyumba ya pili. Hivo vyote vilikuja kabla. Labda sekunde kumi, labda chini ya hapo, na mimi sikuwepo.

Baada ya hapo tukanyamaza. Kuanzia Shaabani mpaka Mfungo Tatu. Ramadhani nzima imepita tunapeleka futari kwa majirani pande zote na ngazi ya juu hakuna aliyepandishiwa hata kikombe cha uji. Idd imepita. Tukipishana ngazini mmoja anatazama ukuta. Na tumefunzwa vilevile kwamba si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3, hilo nalo nalijua, kila nikisali lilikuwa linanikaa mbele ya macho.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize dada zangu, na kaka zangu pia, manake watu wa mwambao tuna fahari moja kwamba sisi hatupigi makelele, sisi ni wastaarabu, mtu akikuudhi unamwachia Mungu unanyamaza. Na mimi nilijiona hivo. Niliwaambia watu "mimi nimenyamaza zangu, sina neno na mtu." Sina neno! Asubuhi nikikanda unga nilikuwa nazungumza naye kichwani mwanzo mpaka mwisho, namjibu, namshinda, nampa ushahidi wa mambo ya 2014. Nikilala naanza tena. Nikaanza na stetasi za WhatsApp, zile picha za leso zenye maneno yake ya mafumbo, unaweka bila kumtaja mtu na anayelengwa anajijua. Niliweka moja ya hasidi, kesho yake akaweka ya mwenye ulimi mrefu. Nikifungua naona watu mia na kitu wameitazama, wengine wananitumia vikaragosi vya kucheka. Wazee walisema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, samaki anaruka kwa ghadhabu anajitia mwenyewe ndani ya mashua. Wavuvi wetu walikuwa wale wanaotazama stetasi.

Nilikuwa nimenyamaza kwa mdomo tu. Kutulia sikuwa nimetulia hata siku moja.

Nilichokuja kuzinduka nacho ni presha. Nilikwenda kupimwa kwa sababu ya kichwa, kikagonga wiki nzima upande mmoja, mashine ikasema 160 kwa 100 na mimi sijafika miaka 40. Nesi akanipima mara ya pili, akaniuliza taratibu kama nyumbani kuna jambo. Nikasema hakuna. Akanishika mkono akaniwekea vidole vyangu viwili kwenye kifundo, upande wa gumba, akaniambia hesabu mapigo sekunde 30 kisha zidisha mara mbili. Nikapata 84. Akasema sasa nieleze huyo unayekaa naye nyumba moja. Nikaanza kueleza, dakika tano hazijafika akaniambia hesabu tena. 112. Nimekaa kwenye kiti, hakuna aliyenipigia kelele, wifi yangu yuko juu kwake anashona kofia zake hana habari, na moyo wangu unakimbia kama niko kwenye mbio. Akaniambia, "Unaona, huyo mtu unatembea naye." Dawa alinipa, na dawa nameza, sitaki mtu asome hapa aache dawa za presha akaenda kuvuta pumzi. Lakini ile 84 na 112 ndizo zilizonikalisha chini.

Nikaanza kusoma kwenye simu usiku watoto wakilala. Kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa John Gottman, yeye na wenzake kule Seattle waliweka watu mke na mume chumbani wazungumze jambo wanalogombania huku mitambo inawapima mapigo ya moyo. Wakaona kwamba moyo ukishapita mapigo 100 hivi kwa dakika mtu anakuwa amefurika, masikio hayapokei tena, akili inatafuta kushambulia au kukimbia. Nikasema Allah, ile redio ya nyumba ya pili! Ndiyo hiyo. Na anasema mtu akifika hapo mazungumzo yasimame dakika 20 angalau, kwa sababu zile kemikali ulizozimwaga mwili hazitoki kwa kuambiwa "tulia". Ila akatia sharti, na hili sharti ndilo lililonipata mimi: hizo dakika 20 usizitumie kurudia rudia ulivyodhulumiwa, manake ukizirudia mwili haujui kama ugomvi umeisha. Mimi nilipumzika miezi minne na kila siku nilikuwa naurudia. Kwa mwili wangu ule ugomvi wa Jumamosi haukuisha.

Anataja pia mambo manne yanayobomoa nyumba, kulaumu tabia ya mtu badala ya jambo lenyewe, kujitetea, kujifungia kimya kama ukuta, na dharau, na dharau ndiyo anayoiona mbaya kupita zote. Niliyahesabu kwa vidole. Nimeyafanya yote manne, matatu kati ya hayo nimeyafanya kabla ya jua kuchomoza siku moja.

Jambo la pili lililonisaidia ni la kutaja. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA, California, walichapisha utafiti wa watu 30, waliwatia kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakawaonyesha nyuso zenye hasira au woga. Mtu alipotafuta neno la kuitaja ile hisia anayoiona, kile kipande kidogo cha ubongo kinachopiga kengele ya hatari, amigdala, kikapunguza moto wake. Neno tu. Na mimi nikajiuliza neno langu mimi ni lipi, kwa sababu kwa kila kitu nilikuwa nasema "nimekasirika", nikiwa na njaa nimekasirika, nikiachwa nje ya jambo nimekasirika, mtoto akichelewa kurudi baharini nimekasirika na kumbe huo ni woga.

Na lugha tunayo jamani, hatuitumii. Kuna hamaki, hiyo inawaka ghafla kama moto wa makuti na inazimika. Kuna kinyongo, hicho hakiwaki, kinakaa. Uchungu ni wa kuumizwa na mtu unayempenda, fedheha ni ya kuonekana na watu, jakamoyo ni lile la kutokujua kitakachokuja, unyonge ni wa kujiona huna la kufanya, na kijicho, tukubali kwamba kipo, mtu wakati mwingine anaona kijicho akaipa jina la haki. Haya si mapambo ya mashairi peke yake. Kila moja lina dawa yake, huwezi kutibu woga kwa dawa ya fedheha.

Nina daftari langu la oda, nikaligeuza nyuma, nikawa kila nikiona nimeanza kuzungumza na wifi yangu kichwani naandika neno moja. Siku za kwanza hasira, hasira, hasira. Halafu siku moja nikaandika kudharauliwa, nikaona imekaa sawa zaidi. Likapita kama juma hivi, nimekaa peke yangu nachambua mbaazi, nikaandika ugeni, na machozi yakanitoka pale pale kwenye ungo. Nimeolewa nyumba ile miaka 16. Nimezaa humo wanangu watatu, nimemuuguza mavyaa humo. Na mpaka leo kukiwa na jambo watu wa nyumba wanakaa wanapanga na mimi naletewa habari likishapangwa, na wakinitaja kwa watu ni "yule wa Faza". Yale maji asubuhi ile, mimi niliyasoma kwamba hapa huhesabiwi. Wifi yangu alikuwa anafua mabusati. Neno nililomrushia, la yeye kuwa hana mtoto, nikilitazama sasa naona nilitafuta mahali ambapo na yeye hahesabiwi nikampiga hapo hapo. Nililijua vizuri lile donda kwa sababu aliwahi kunionyesha mwenyewe, usiku mmoja, tulipokuwa tunapendana.

Hili la kujitazama wengine wanalifanya kwa mpango maalumu, kuna msomi wa Marekani Jon Kabat-Zinn aliyeanzisha huko Massachusetts mwaka 1979 mafunzo, siku hizi ni ya wiki 8, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, wanakaa wanafuata pumzi, wanapitia mwili kiungo kwa kiungo. Mimi sina wiki 8 na wala sikai mkao wowote. Lakini kuhudhurisha moyo tunakujua, ndiko tunakotakiwa kila tunapokabiri kuanza sala, na nilipolielewa jambo hili nililielewa kwa mlango huo. Kuna mtu anasali na moyo uko sokoni. Na kuna mtu anagombana na moyo wake hauko pale, mdomo uko peke yake.

Ninachofanya ni kidogo. Mimi alama yangu ni vidole vya miguu. Vikijikunja najua. Mwenzangu mmoja alama yake ni shingo, mume wangu anaanza kukunja mikono ya kanzu, na mwanangu mkubwa anacheka, anacheka sana, usipomjua utadhani amefurahi. Wewe tafuta yako, usiitafute siku ya vita, itafute siku ya kuudhiwa kidogo, mtu amekurukia foleni ya kupanda boti Mokowe, hapo ndipo pa kujifunzia. Vidole vikijikunja navifungua, navikanyagisha chini mpaka nihisi baridi ya sakafu. Kisha nakaa, kweli nakaa, hata kwenye ngazi. Pumzi naitoa polepole, naitoa kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta. Kama bado, naenda nachukua udhu, na wakati maji yanapita mikononi nalitafuta lile neno. Mara nyingi mpaka nafika miguuni nimeshalipata. Na kama kuna mtu ananingoja jibu namwambia wazi, "Nimepandwa, nipe kidogo nitarudi," na nikisema nitarudi narudi, kwa sababu ukiondoka bila ya kusema hivo yule mwenzio anaona umempa mgongo.

Niseme jambo moja hapa katikati na silisemi kwa kupita. Haya ninayoandika ni ya watu wanaoudhiana. Kama unapigwa, kama unatishwa, kama umefungiwa ndani, usije ukaambiwa na mtu kwamba dawa yako ni pumzi na subira. Kenya ina sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu 2015, na namba 1195 ni ya bure, piga, mweleze mtu, toka.

Nikapanda ngazi siku ya Alhamisi baada ya Alasiri. Maneno yangu niliyapanga siku tatu, na mara zote yalikuwa yanafika mahali yanasema "lakini". Nisamehe kwa neno lile lakini na wewe ulijua nina oda. Nisamehe lakini na wewe stetasi zako. Nilipoligundua lile lakini nikaona kwamba nilikuwa nataka kwenda kumaliza ule ugomvi wa Jumamosi kwa kuushinda, nimeuvisha kanzu ya msamaha. Nikaliondoa. Likabaki fupi sana hata nikaona haya, sentensi mbili.

Alikuwa amekaa kwenye busati, lile lile, anashona kofia, anapitisha sindano kwenye kitundu kimoja kimoja. Hakuinua macho. Nikakaa chini. Nikamwambia, "Wifi, neno nililokwambia asubuhi ile la mtoto lilikuwa neno ovu, na nililisema kukuumiza. Nimekuja kukuomba radhi." Sindano ikasimama. Muda ukapita, nasikia punda analia huko chini ndiani na mtu anampigia kelele. Akasema, "Nimesikia." Kisha sindano ikaendelea.

Mimi nilikuwa nangoja zaidi. Nilitaka aseme nimekusamehe, nilitaka alie nilie tukumbatiane, na kwa kweli nilitaka pia aseme na mimi nilikosa ya maji. Nikavihisi vidole vinaanza kujikunja pale pale kwenye busati lake. Nikavifungua. Radhi niliyokwenda kuiomba ni yake, anatoa akitaka, kwa siku anayotaka, na kama hakutoa pia ni haki yake kwa neno kama lile. Nikamwambia ahsante kunisikiliza, nikashuka.

Jumapili nikampelekea bakuli la mbaazi na mahamri manne, mtoto akapanda nalo. Na bakuli likarudi jioni, limeoshwa, limekauka, halina kitu ndani. Mnajua kwetu bakuli halirudi tupu. Hata ukiwa huna, unatia ndimu moja, unatia embe, chumvi kidogo, kitu. Nililishika lile bakuli jikoni nikasikia masikio yanapata moto na maneno yameshajipanga, safari hii mazuri zaidi, mtu nimejishusha hivi bado ananirudishia bakuli tupu. Na simu iko mkononi, nimeshafungua mahali pa kuandika stetasi, kidole kimeinuka. Nikaweka simu kifudifudi juu ya friji. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi. Nikatafuta neno, hasira siyo, dharau siyo. Fedheha, kidogo. Chini yake hofu, naogopa kwamba nimevunja kitu na hakitaungika. Nikakaa na hilo mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Sasahivi ni wiki ya tano. Bakuli lilirudi tupu mara tatu. Mara ya nne lilirudi na ukwaju, kiganja kimoja, umefungwa kwenye karatasi. Tunaamkiana, masalkheri, sabalkheri, zaidi ya hapo bado. Siku ya maji nimemwambia mume wangu tukae wote wanne tupange nani anatumia siku gani, na mimi niwepo wakati wa kupanga, nimelisema hilo waziwazi mbele ya mavyaa na sauti yangu haikupanda, mavyaa akaniambia, "Kumbe hilo ndilo lililokuwa likikusumbua, mwanangu," nikamwambia ndilo.

Jana nimepeleka samaki wa kupaka. Bakuli bado liko juu, sijaliulizia.